Ramani Iliyochorwa na Wenye Kifafa

Mbozi, nguruwe hauziki kabla hajatoa ulimi. Baba alifanya biashara hiyo miaka mingi, akizunguka vijiji vya Mlowo na Vwawa kwa pikipiki, na kila alipofika bandani jambo la kwanza lilikuwa lile lile: vijana wawili wanamlaza mnyama ubavu, mmoja anampitishia kijiti mdomoni asije akauma, baba anaushika ulimi kwa kitambaa, anauvuta nje, kisha anapitisha kidole gumba chini yake taratibu, kuanzia kwenye shina kuja nchani. Anatafuta vipunje. Vikiwepo, kidole kinavijua kabla ya jicho: vinateleza chini ya ngozi, ukubwa wa harage dogo au pungufu. Hapo mazungumzo ya bei yanageuka. Mwenye nguruwe ananuna, anaapa kwamba mnyama ni mzima kabisa, jana tu kamaliza debe la pumba. Baba anawasha pikipiki. Wanunuzi wengine, nisifiche, walimchukua kwa nusu bei na nyama ikaishia kwenye kikaango cha kitimoto mjini, mbali na aliyeuona ulimi.

Vipunje vile ni lava, yaani wachanga, wa mnyoo aitwaye tegu wa nguruwe, kila mmoja kajifungia ndani ya kifuko chake cha maji. Baba hakulijua jina hilo, na kutolijua hakukumzuia kufanya kazi yake vizuri. Ambacho hatukukijua sote nyumbani ni kwamba vifuko hivyo hivyo vinaweza kukaa ndani ya kichwa cha mtu, na kwamba wingi wa wenye kifafa katika vitongoji alivyopita kununua nguruwe ulikuwa na sababu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi ya aina hiyo, watu wanapoishi karibu na nguruwe wanaozurura, karibu asilimia 30 ya kifafa hutokana na tegu huyu. Na nguruwe wa kwetu huzurura. Mazao yakiwa shambani hufungiwa. Mavuno yakiisha, milango inafunguliwa wakajitafutie.

Mimi si daktari. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Mbeya mjini, na habari za ubongo darasani hupita mbio: mchoro mmoja, majina ya sehemu, swali moja la mtihani. Lakini mimi ubongo nilianza kuufahamu kupitia binamu yangu, mtoto wa shangazi aliyeolewa huko huko Mbozi.

Kifafa chake kilikuwa na utaratibu. Kinaanza kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia: kinarukaruka chenyewe, naye anakitazama, anajua kinachokuja, anawahi kuketi chini. Vinafuata vidole vingine, kisha kiganja. Halafu, kabla bega halijatikisika hata kidogo, pembe ya mdomo wa upande ule ule inaanza kuvutwa. Baada ya hapo fahamu zinaondoka na mwili mzima unaingia kwenye mtikisiko. Akizinduka, mkono wa kulia unabaki mlegevu, hata kikombe hashiki. Majirani wanasema safari hii amepooza kweli. Kesho yake asubuhi yuko kwenye mibuni anachuma kahawa kama wengine.

Watu walimkimbia. Wanaoamini kwamba kifafa huambukiza kwa mate, au kwa ushuzi anaoutoa mgonjwa akiwa ameanguka, si wachache, na wengine wamesoma. Ana kovu la moto kwenye kiwiko. Alidondokea mafiga, na waliokuwepo jikoni wakasimama mlangoni wakiita watu badala ya kumvuta. Shangazi alimzungusha kwa waganga hadi mbuzi wakaisha bandani.

Siku walipofika kliniki, shangazi alianza na habari ya shamba la urithi na shemeji mwenye kijicho. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, bila kutazama saa. Kisha akasema, “Nimekuelewa, mama. Sasa kwenye mwili wake, kinaanzia wapi?”

“Kwenye kidole hiki.”

“Cha mkono upi? Siku zote ni huo huo?”

Siku zote huo huo. Daktari akagusa kichwa chake mwenyewe, juu kidogo ya sikio la kushoto, akasema, “Basi tutaanza kutafuta hapa.” Picha yoyote ilikuwa bado haijapigwa. Ilipokuja kupigwa CT hospitali ya rufaa, vilionekana vidoa vyeupe vitatu, makovu ya lava waliokufa wakageuka chokaa. Viwili vilikaa mahali ambapo havikumsumbua mtu. Cha tatu kilikuwa pale alipopagusa.

Shangazi mpaka leo anaamini daktari yule ana kipaji. Kipaji anacho, hasa cha kusikiliza, lakini alichofanya kinafundishika.

Ukiweka kidole utosini, katikati, ukakishusha pole pole kuelekea sikioni, unapita juu ya ukanda wa ubongo unaoamrisha misuli. Ukanda mmoja kila upande. Nyuzi za neva zinazoshuka kutoka humo, nyingi zake, huvuka upande wa pili chini kabisa kwenye shina la ubongo, kabla hazijaingia kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana mkono wa kulia una bwana wake upande wa kushoto wa kichwa. Na ukanda wenyewe umegawanywa. Juu kabisa, ndani ya mfereji unaotenganisha nusu mbili za ubongo, ni mguu. Ukishuka: kiwiliwili, bega, kiwiko, kiganja, vidole, mwisho gumba. Na baada ya gumba? Uso. Midomo. Ulimi.

Kwenye mwili, kutoka gumba hadi mdomoni kuna mkono mzima, bega na shingo. Kwenye ubongo ni majirani wa kupakana. Moto wa kuchomea majani ukitoroka shambani mwako, hauulizi nani ni ndugu yako. Unaingia kwa uliyepakana naye. Kifafa cha binamu yangu kilikuwa kinafanya hivyo hivyo, ndiyo maana kilifika mdomoni kabla ya kufika begani.

Aliyeusoma mwendo huo kwa makini kabla ya picha za aina yoyote ni daktari wa London aitwaye John Hughlings Jackson, miaka ya 1860 na 1870. Yeye hakufungua kichwa cha mtu aliye hai. Aliketi kando ya vitanda vya wenye kifafa akaandika kinapoanzia, kinapopita, kinapoishia, na kutokana na mpangilio huo akasema lazima ndani ya ubongo kuna mahali maalumu pa mkono na mahali maalumu pa uso. Wengi wa wakati wake walishikilia kwamba gamba la nje la ubongo ni kitu kimoja kisichogawanyika. Mwaka 1870 Wajerumani wawili, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, wakagusa ubongo wa mbwa kwa umeme mdogo, wakifanyia kazi nyumbani kwa Hitzig maana chuo hakikuwa na nafasi yao, na miguu ya mbwa ikajikunja: sehemu hii mguu huu, sehemu ile mguu ule. Jackson alikuwa sahihi. Kifafa kinachotembea namna hiyo kinaitwa kwa jina lake hadi leo.

Ramani yenyewe, yenye mipaka, ilikuja kuchorwa Montreal nchini Kanada na daktari mpasuaji Wilder Penfield. Wagonjwa wake walikuwa wenye kifafa kisichosikia dawa. Aliwafungua kichwa wakiwa macho, kwa sababu ngozi ikishatiwa ganzi ubongo wenyewe hauna maumivu. Unaweza kuuchoma sindano na mwenyewe asijue. Akaugusa kwa umeme kidogo hapa na pale huku akiwauliza wanahisi nini. Mmoja anasema kidole kimecheza, mwingine mdomo umekufa ganzi. Kila alipopata jibu aliweka kikaratasi chenye namba. Alitaka kujua asikate wapi. Mwaka 1937, yeye na Edwin Boldrey walipochapisha walichokikusanya, umbo la binadamu lililotokana nalo lilikuwa la kuchekesha: midomo mikubwa, ulimi mkubwa, mkono mkubwa wenye gumba la kutisha, na mgongo mwembamba usio na maana. Ubongo haugawi eneo kwa kilo za nyama. Unagawa kwa ufundi wa kazi. Kidole gumba kinachojua kipunje chini ya ulimi wa nguruwe kina haki ya eneo kubwa kuliko mgongo wote unaobeba gunia.

Tazama sasa ni watu gani hao. Jackson, wenye kifafa. Penfield, wenye kifafa. Nilipoanza kusoma zaidi nikakuta hali ni hiyo hiyo karibu kila kona. Vitabu vinawataja madaktari kwa majina kamili na wagonjwa kwa herufi, lakini sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu nini kinafanyika wapi ndani ya kichwa ililetwa na watu waliokuwa wakianguka. Watu wale wale ambao kijijini tunawapa kikombe chao peke yao.

Na tegu? Hapa niende haraka ila lazima niseme, kwa sababu hata walimu wenzangu wanalikosea. Ukila nyama ya nguruwe yenye vipunje na haijaiva, unachopata ni tegu mkubwa tumboni, basi. Ubongo unaingiliwa kwa njia nyingine: mtu mwenye tegu tumboni anatoa mayai kwenye choo kikubwa, na mayai hayo yanarudi mdomoni, mwake au mwa mwingine, kwa mikono isiyonawiwa, kwa mboga, kwa maji. Yai linapasuka tumboni, kijidudu kinatoboa utumbo, kinachukuliwa na damu, kinakwama popote. Kwa hiyo hata asiyewahi kuonja nguruwe maishani yuko hatarini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko New York iligundulika familia za Wayahudi washika dini, watu ambao nguruwe haingii mlangoni, na ndani ya bongo zao kulikuwa na lava hawa. Waliambukizwa na wasaidizi wa nyumbani waliokuwa na tegu. Muislamu wa Mlowo na asikie hilo.

Damu haichagui, na hapo ndipo mahali panapoamua kila kitu. Lava yule yule, ukubwa ule ule. Akikaa kisogoni, panaposhughulika na kuona, mgonjwa anaona mianga ya rangi ikimwekaweka upande mmoja. Akikaa ndani ya panja, mtu ananusa harufu ya mpira unaoungua wakati hakuna kinachoungua, au anaingiwa na hofu ya ghafla isiyo na sababu, anakodoa macho dakika moja huku akitafunatafuna. Huyo hata hatumwiti mwenye kifafa. Tunamwita mwenye mapepo, tunampeleka kwenye maombi. Akiziba njia za maji ya ubongo, kichwa kinauma mpaka kutapika, na anaweza kufa. Akikaa sehemu nyingine, miaka inapita na mwenyewe hajui kama ana mgeni.

Nilidhani nimeshalielewa jambo hili vya kutosha, mpaka lilipofika kwa baba mkubwa.

Yeye hakuhama Rungwe. Baba alipoenda Mbozi kutafuta maisha, kaka yake alibaki na migomba na chai, na kwaya ya kanisa la Moravian alilobatiziwa. Kiharusi kilimkuta asubuhi akitoka kuosha uso. Mkono na mguu wa kulia vikaisha nguvu, na maneno yakaondoka. Yote, isipokuwa moja. Ukimsalimia anajibu “Ndaga.” Ukimuuliza ana njaa, “Ndaga.” Ukimuuliza anaumwa wapi, “Ndaga,” na safari hii kwa sauti ya kuchoka, macho yakikwambia kwamba anajua kabisa hilo silo alilotaka kusema.

Aprili 1861, kwenye hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca aliletewa mgonjwa mwenye umri wa miaka 51 aliyekuwa ameishi humo miaka 21. Jina lake Leborgne, ila wote walimwita Tan, maana silabi hiyo ndiyo aliyoweza kuitamka. Tan, tan. Akikasirika sana, tusi zima la kidini lilimtoka. Alielewa aliyoambiwa, alihesabu kwa vidole. Alikuwa na kifafa tangu ujana, unaona tena. Alikufa siku chache baadaye, na Broca alipolifungua fuvu lake alikuta shimo upande wa kushoto, mbele, kidogo juu ya panja. Akakusanya wagonjwa wengine wa namna hiyo, na mwaka 1865 akasema wazi kwamba tunazungumza kwa upande wa kushoto wa ubongo. Ukichungulia ile ramani utaona mantiki: ni hatua chache tu kutoka kwenye mkono na mdomo. Ndiyo maana kiharusi kinachochukua maneno mara nyingi huchukua na mkono wa kulia.

Tan alikuwa na “tan”, baba mkubwa alikuwa na “ndaga”. Na baba mkubwa alikuwa na kitu kingine ambacho watu wa nyumbani walikiona ni muujiza. Jumapili ya kwanza tuliyombeba kwenda ibadani, wimbo ulipoanzishwa, yeye ambaye hakuweza kuomba maji aliimba. Kinyakyusa chake chote kikatoka, ubeti kwa ubeti, kwa sauti ya besi ile ile, mkono wa kushoto ukipigapiga goti. Wanawake wawili nyuma yetu wakaanza kulia. Wimbo ulipokwisha mchungaji akamsogelea, akamuuliza hali, akajibiwa “Ndaga.”

Nisingependa kuwaharibia wale waliosema ni uponyaji, ila jambo hili limeandikwa zamani sana. Mwaka 1745 Olof Dalin wa Uswidi alieleza habari za mwanamume aliyepooza upande wa kulia na kupoteza maneno, ambaye bado aliweza kuimba nyimbo za kanisani alizozijua kabla ya kuugua, mradi mtu amsaidie kuanza. Kupanga sentensi mpya ni kazi moja. Kutoa maneno yaliyokwisha kufungamana na tuni, au sala uliyoisema tangu utotoni, au salamu, au tusi, ni kazi nyingine, na upande wa kulia wa ubongo una sehemu yake humo. Wapo wataalamu wa usemi wanaoutumia mlango huo: mgonjwa anafundishwa kuliimba neno analolihitaji, kisha tuni inapunguzwa kidogo kidogo. Mtaalamu wa hivyo hatukumpata. Tulichofanya ni kwamba mjukuu wake mmoja alimwekea “nataka maji” kwenye tuni ya wimbo anaoupenda. Ilichukua muda. Ilifanya kazi, kwa maji na kwa chai, ikagoma kwa ugali.

Lakini kuna lililoniudhi, na bado linaniudhi. Wiki zile za mwanzo, ndugu walikaa kikao cha kugawana usimamizi wa shamba la chai, ndani ya chumba alicholala, sauti juu, wakitaja kaburi na sanda. Kwa sababu hasemi, wakaona hayupo. Alikuwepo. Machozi yalimtoka, na shangazi mmoja akasema ni macho ya kiharusi hayo, huwa yanatiririka. Mtu aliyeumia alipoumia Tan anaelewa karibu yote unayosema. Ulimwengu wake wa maneno uko ndani, mlango wa kutokea ndio umebomoka. Muulize maswali ya kujibiwa kwa kichwa, ndiyo au siyo. Subiri. Usimmalizie.

Kinyume chake kipo, na ni kigumu zaidi kukitambua. Carl Wernicke alikieleza mwaka 1874: jeraha likiwa nyuma zaidi, karibu na sikio la kushoto, mgonjwa anazungumza bila kukwama, kwa lafudhi safi, kwa ishara za mikono, ila maneno hayana kichwa wala miguu, na wewe ukisema yeye haelewi. Kwenye wodi aliyolazwa baba mkubwa palikuwa na mama wa namna hiyo. Hakupooza popote, akitembea vizuri, akihutubia wodi nzima kuanzia alfajiri. Waliokuja kumwona walimwambia muuguzi kwamba huyu si mgonjwa wa hapa, huyu amerogwa. Muuguzi aliyekuwa zamu hakuwa na la kuwaambia.

Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, naiogopa kuliko zote, maana jeraha lake halionekani kwa mwendo wala kwa usemi. Wanafunzi wangu hufurahia habari ya Phineas Gage, msimamizi wa kazi za reli huko Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka na mtaimbo wa zaidi ya mita moja, wenye uzito wa kilo 6, ukaingia chini ya shavu la kushoto ukatokea juu ya kichwa. Akakaa, akazungumza, akapanda mkokoteni kwenda kwa daktari. Akapona. Ila daktari wake aliandika kwamba tabia ilibadilika: matusi, papara, mipango isiyodumu. Mara nyingi habari hukatizwa hapo, na mimi huwa nakataa kuikatiza, kwa sababu baadaye Gage alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka, kazi inayotaka akili iliyotulia. Kitu fulani kilijirekebisha. Alikufa mwaka 1860, baada ya mfululizo wa degedege. Nisiseme tena.

Sisi hatuna mitaimbo inayoruka, tuna bodaboda. Kila mtaa wa Mbeya una kijana aliyeanguka bila kofia ngumu, akashonwa, akaruhusiwa, akarudi nyumbani mtu mwingine: anakopa hovyo, anamtukana mama yake, hamalizi alichokianza. Watu wanasema ajali imempa kiburi.

Kwa ulanzi, pombe ya mianzi ya Iringa, nitumie mistari michache tu. Kule nyuma, chini ya kisogo, kuna ubongo mdogo unaolinganisha mwendo na mizani ya mwili. Ni mdogo kwa umbo tu: kati ya seli za neva bilioni 86 zilizo kichwani, takribani bilioni 69 zimo humo. Pombe huivuruga sehemu hiyo mapema, ndipo unamwona mzee wa Kihehe anajenga hoja vizuri kabisa, na miguu yake inamkana.

Kumbukumbu nayo ina mahali pake, na tulipajua kwa gharama ya mtu mmoja. Henry Molaison wa Marekani alifanyiwa upasuaji mwaka 1953, akiwa na miaka 27, ili kutuliza kifafa. Daktari akamtoa sehemu za ndani za panja zote mbili, pamoja na kijisehemu kilichopinda kinachoitwa hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku hiyo hadi alipokufa mwaka 2008 hakuweza kuhifadhi jambo jipya. Ukitoka chumbani ukarudi, anakusalimia upya. Mtafiti Brenda Milner alimfundisha kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, na siku hadi siku mkono wake ukazidi kuwa hodari, huku yeye akisema hajawahi kuiona kazi hiyo. Mkono ulikuwa na kumbukumbu yake, imewekwa kwingine.

Ukisoma mpaka hapa unaweza kudhani ubongo ni kabati lenye droo, kila moja na jina lake. Kuna aliyefikiri hivyo kabla ya wote hawa, Franz Joseph Gall, aliyedai kwamba ukipapasa vinundu vya fuvu unajua mtu ni mwizi au ni mpole. Upuuzi, ila upuuzi uliowafanya wengine waulize swali sahihi. Ubongo wa Tan ulihifadhiwa Paris, na wataalamu walipouweka kwenye mashine ya MRI, wakachapisha matokeo mwaka 2007, walikuta jeraha limezama ndani kuliko Broca alivyoweza kuona, hadi limekata nyuzi zinazounganisha mbele na nyuma. Usemi unahitaji pale mahali, na unahitaji njia za kwenda na kurudi. Na kwa watoto ramani bado haijakauka: wapo waliotolewa nusu nzima ya kushoto wakiwa wadogo kwa sababu ya kifafa kikali, wakajifunza kuzungumza kwa nusu iliyobaki. Baba mkubwa, katika umri wake, hana nafasi hiyo kwa wingi huo.

Kwa hiyo ninapoalikwa kwenye semina za hamasa, zile za ukumbi wenye viti vilivyovishwa vitambaa, na msemaji anatutangazia kwamba kuna watu wa ubongo wa kushoto, wahasibu, na watu wa ubongo wa kulia, wasanii, natafuta mlango. Lugha kweli huegemea kushoto kwa wengi wetu. Lakini mtu kwa ujumla wake haegemei upande. Na lile la kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, waambie wakaulize wodi ya kiharusi ni eneo gani lile ambalo mtu alipigwa akabaki vile vile.

Binamu yangu anaendelea na dawa. Dawa za kuua lava hakupewa, maana walikuwa wamekwisha kufa na kinachosumbua ni kovu. Ni vizuri lijulikane hilo, kwa sababu kuna wanaojinunulia albendazole dukani bila picha, na lava walio hai wakifa wote kwa mpigo ubongo unavimba. Anakunywa vidonge vya kuzuia degedege kila jioni. Amekaa muda mrefu bila kuanguka, mpaka msimu uliopita wa kahawa, alipoishiwa vidonge katikati ya wiki na kuona aibu kusema.

Safari hii mdogo wake alikuwepo. Alimlaza ubavu, akasogeza jiwe lililokuwa karibu na kichwa, hakumtia kijiko wala kidole mdomoni, akaangalia saa, maana kikizidi dakika tano ni kukimbilia hospitali. Na kabla ya yote hayo, gumba lilipoanza tu, alikuwa amewasha kamera ya simu akachukua sekunde kadhaa za mkono na uso. Picha hiyo ndiyo aliyoonyeshwa daktari kliniki. Aliitazama mara mbili, akauliza mkono gani, akaandika dozi mpya, na kumwambia shangazi aje kuchukua vidonge vya miezi mitatu kwa mkupuo.